Kutoka "Stelingi Ngumu" hadi Utambuzi wa Hitilafu: Ufafanuzi wa Uzito wa Usukani katika Magari ya Arusha na Maeneo ya Mlima Meru

1.0 Utangulizi

Dereva anayefika gereji akiwa na tatizo la usukani mara nyingi hulieleza kwa maneno mawili: "stelingi ngumu." Kauli hiyo inaeleweka, lakini haitoshelezi. Tairi lililopungukiwa upepo na kiungio kinachokaribia kuganda huelezwa kwa maneno hayohayo, ilhali la kwanza hurekebishwa kwa dakika chache na la pili linaweza kumnyima dereva udhibiti wa gari katikati ya kona. Makala haya yanafafanua namna ya kuitambua na kuirekebisha hitilafu hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba utambuzi huanza na uteuzi wa neno: fundi aliyepewa maelezo finyu hulazimika kubahatisha, na gharama ya kubahatisha hubebwa na mwenye gari.

2.0 Msaada wa Usukani

Nguvu ya mikono hupita katika nguzo ya usukani, ikaingia kwenye reki au sanduku la gia, kisha ikafika kwenye magurudumu kupitia rodi na viungio vyake. Juu ya mfumo huo huongezwa msaada. Msaada wa haidroliki, ambao Chrysler iliuingiza sokoni katika magari ya abiria mwaka 1951, hutegemea pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda. Msaada wa umeme, unaopatikana katika magari mengi madogo ya kisasa, hutegemea mota, betri na kihisi. Kwa hiyo, uzito wa usukani una vyanzo viwili vikuu: ama msaada umepungua, ama ukinzani umeongezeka. Hatua zote za utambuzi zinalenga kutenganisha viwili hivyo.

3.0 Aina Tatu za Ugumu

Inapendekezwa hapa kwamba "ugumu" utofautishwe katika aina tatu. Kwanza, usukani mzito: unahitaji nguvu nyingi kwa ulinganifu pande zote, hasa gari linapokuwa limesimama au linakwenda polepole. Aina hii huelekeza kwenye upepo wa matairi, mafuta ya stelingi, mkanda, pampu au mota. Pili, usukani unaokwama: ni mwepesi mahali fulani na mgumu mahali pengine katika mzunguko uleule. Hapa hushukiwa kiungio cha nguzo, reki au bolijointi. Tatu, usukani usiorudi: baada ya kona haurejei katikati wenyewe. Hali hii hutokana na viungio vilivyokauka grisi au pembe za magurudumu zilizoharibika, hivyo alaimenti hupimwa baada ya viungio kukaguliwa, si kabla.

4.0 Utaratibu wa Utambuzi

Ukaguzi uanze na kisicho na gharama. Upepo upimwe matairi yakiwa ya baridi na kulinganishwa na kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva. Katika gari la haidroliki, kiwango na rangi ya mafuta vitazamwe. Povu huashiria hewa, weusi wenye harufu ya kuungua huashiria mafuta yaliyochoka, na kupungua kwa kiwango huashiria uvujaji. Kuongeza mafuta bila kutafuta mahali yanapovuja ni kuahirisha tatizo. Mlio mkali wakati wa kukata kona huelekeza kwenye mkanda uliolegea. Mngurumo mzito huelekeza kwenye pampu au hewa ndani ya mfumo.

Jaribio linalofuata ndilo lenye uamuzi. Magurudumu ya mbele yanyanyuliwe kwa jeki na gari liegemezwe juu ya stendi imara, injini ikiwa imezimwa na usukani haujafungwa. Usukani ukizunguka kwa urahisi, ukinzani wa viungo si tatizo. Uchunguzi urudi kwenye msaada na matairi. Ukibaki mgumu, rodi zitenganishwe na magurudumu. Gurudumu likiwa gumu kulizungusha kwa mkono, kasoro iko kwenye viungio vyake. Likiwa jepesi, kasoro iko kwenye reki, sanduku la gia au nguzo.

Katika gari la msaada wa umeme, taa ya onyo itazamwe na volti zipimwe: takribani 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.5 na 14.5 ikiwa inanguruma. Betri dhaifu huweza kusababisha mota kulaumiwa bure.

5.0 Hali Mbili za Kimazingira

Gari la safari linalotoka kwenye njia za vumbi za Hifadhi ya Taifa ya Arusha na kuingia barabara kuu ya Arusha–Moshi pale Usa River huweza kuwa na usukani mgumu bila kifaa chochote kuharibika. Iwapo mfumo wa kuunganisha magurudumu yote manne haukuondolewa, magurudumu ya mbele na ya nyuma hulazimishwa kuzunguka kwa kasi moja, ingawa kwenye kona yale ya mbele husafiri umbali mrefu zaidi. Kwenye vumbi tairi huteleza na kufidia tofauti hiyo; kwenye lami haliwezi, na gari hukaza. Tiba yake ni kurudisha mtambo kwenye magurudumu mawili.

Hali ya pili ni hatari zaidi. Kushuka miteremko ya Meru injini ikiwa imezimwa ili kuokoa mafuta huondoa msaada wa haidroliki, hudhoofisha msaada wa breki, na ufunguo ukizungushwa hadi mwisho huweza kuufunga usukani. Msaada ukikatika ghafla gari likiwa katika mwendo, dereva aiache injini ikinguruma, aushike usukani kwa mikono miwili, apunguze mwendo na asimame pembeni.

6.0 Hitimisho

Reki isibadilishwe kabla ya upepo, mafuta, mkanda na viungio kukaguliwa kwa mpangilio. Vilevile, leksikografia ya Kiswahili haitakuwa imetimiza wajibu wake ikiwa itaorodhesha majina ya vifaa pekee na kuacha majina ya hitilafu. Mzito, unaokwama na usiorudi ni maneno ya kila siku. Yakipewa mipaka, huwa istilahi zinazoweza kumlinda msafiri.