Si Lazima Uwe Mwendawazimu Ndipo Umwone Mshauri

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwaka jana baba alipofariki, mimi nilificha. Miezi ikapita, silali, chakula hakipiti, na darasani nilimsikia mwalimu kama mtu anenaye ng'ambo ya mto. Mama aliponiambia twende hospitalini tumwone mshauri nasaha, nilikataa katakata. "Kwani mimi ni mwendawazimu?" nikamwuliza.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tukisikia habari za akili, tunawaza Mathari tu, ile hospitali ya Nairobi. Kumbe wataalamu hawa si wa aina moja. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari, kwa hiyo anaweza kukuandikia dawa. Mtaalamu wa tiba ya mazungumzo hatoi tembe wala sindano. Kazi yake ni kusikiliza, kuuliza na kukusaidia kuona fundo liko wapi. Kwa kawaida mnaketi kwa muda wa saa moja hivi, mara moja kwa juma. Siri yako anaitunza, isipokuwa maisha yako au ya mwenzako yakiwa hatarini. Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2014 inataka washauri wasajiliwe, basi usione haya kuuliza.

Siku ya kwanza nilinyamaza, naye hakunilazimisha. Siku ya tatu aliniuliza maneno ya mwisho niliyomwambia baba. Nililia! Tulikuwa tumegombana juu ya baiskeli, nami nikaondoka bila kuaga. Hilo ndilo lililokuwa likinikaba. Hakunihubiria. Aliniomba nimwandikie baba barua, kisha niisome kwa sauti.

Je, tumwone mtu kama huyu lini? Huzuni ya siku mbili tatu ni ya kawaida, na msiba nao una muda wake. Lakini ikiwa majuma mawili yamepita huli, hulali, masomo yanaanguka, umewakimbia marafiki au umeanza kutafuta pombe na bangi ili usahau, usingoje. Na wazo la kujiua likikujia, mwambie mtu mzima leo leo. Anza na mzazi, au mwalimu wa ushauri hapa shuleni, au piga 116, simu ya watoto isiyolipiwa.

Wenzangu, baba hakurudi, na bado namkumbuka kila nionapo ile baiskeli. Lakini siku hizi nalala. Nawe ukilemewa, usifiche kama nilivyoficha mimi.