NATI ZA GURUDUMU ZILIZOKAZWA KUPITA KIASI

Kila siku asubuhi katika skimu za Kinangop, Ol Kalou na Lugari utaona pikapu zikipita zimebeba madebe ya maziwa, magunia ya viazi au mahindi. Wenye magari haya wengi wanajua kubadili gurudumu, na hawahitaji kufundishwa kazi hiyo. Lakini iko taabu moja ambayo imezidi siku hizi. Tairi linatoboka njiani, mwenye gari anatoa jeki na spana, na nati hazitoki. Anasukuma, anavuta, anapanda juu ya spana kwa miguu miwili, na nati haisogei hata kidogo. Tairi la akiba analo, jeki anayo, nguvu anazo, na maziwa ya majirani yamo garini juani.

Maziwa hayamngoji mtu. Yasipopozwa huanza kuharibika baada ya saa chache tu, na yakifika kwenye kituo cha kupozea yamechelewa yatapimwa na kukataliwa. Basi hasara ya nati moja si ya mwenye gari peke yake, ni ya kila mtu aliyetia maziwa katika madebe yale.

Mara nyingi watu husema ni kutu. Kutu ipo, hasa kwa gari ambalo magurudumu yake hayajafunguliwa kwa mwaka mzima. Lakini ukiona nati zimegoma na tairi liliwekwa mwezi uliopita tu, usilaumu kutu. Zilikazwa kupita kiasi siku ile tairi lilipotiwa.

Wazee wanaokumbuka miaka ya kwanza ya skimu, baada ya mpango wa Ekari Milioni kuanza mwaka 1962, wanajua kwamba fundi alikaza nati kwa mkono wake mwenyewe. Leo karibu kila soko lina fundi wa pancha mwenye mashine ya upepo. Ni chombo kizuri, huokoa muda mwingi, na vijana huipenda kwa kelele zake. Ubaya wake ni kwamba mkono wa fundi hausikii nati imekaza kiasi gani. Anaishikilia mpaka kelele ibadilike, kisha anaongeza kidogo ili awe na hakika. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Anaogopa gurudumu lisije likachomoka njiani akalaumiwa yeye, na mteja mwenyewe mara nyingi humwambia, "Kaza sana, fundi, barabara yetu ni mbaya."

Mteja huyo anakosea. Nati iliyokazwa mno haishiki zaidi, na sababu yake mkulima aliyewahi kujenga ua wa waya ataifahamu upesi kuliko mtu wa mjini. Unapovuta waya wa ua kwa kiasi chake, unakaa imara, na ng'ombe akiuegemea unarudi mahali pake. Ukizidi kuuvuta, waya unanyooka na hauwezi kurudi tena. Baada ya hapo unalegea, au unakatika siku usiyoitazamia. Bolti ya gurudumu ni vivyo hivyo. Inapokazwa hunyooka kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na kule kutaka kurudi ndiko kunakoibana rimu. Ikinyooshwa kupita mpaka wake, nguvu ya kubana inapungua, meno yake yanaharibika, na mwisho inavunjika. Tena matundu ya rimu hupasuka, na diski ya breki huweza kupinda ikiwa nati moja imekazwa sana na nyingine kidogo. Ukisikia usukani unatetemeka kila unapofunga breki, na magurudumu yalifunguliwa karibuni, anza kwa kuzitazama nati.

Kila gari lina kipimo chake, nacho kimeandikwa katika kitabu cha gari. Toyota nyingi ndogo, kama Probox, hutaka nyutoni-mita 103. Jambo hili si gumu kama jina lake. Chukua spana yenye urefu wa nusu mita, usukume mwisho wake kwa nguvu ya kilo 20, nawe utakuwa karibu na nyutoni-mita 100. Kilo 20 ni chini ya nusu ya mfuko wa saruji. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya mwisho wa spana hiyo hiyo, amekwisha pita 300. Mashine ya upepo ya kawaida inaweza kupita 500, na zile kubwa za malori hupita 1,000. Pikapu zenye rimu za chuma na malori hutaka kipimo kikubwa kuliko gari dogo, kwa hiyo usichukue kipimo cha gari la jirani ukakitia katika lako.

Watu hulalamika kwamba spana inayokuja na gari ni fupi mno. Urefu wake ni kama futi moja tu, na mtu wa nguvu za kawaida akiisukuma kwa mkono hupata karibu kiasi kinachotakiwa kwa gari dogo. Ikiwa spana hiyo haiwezi kufungua nati zako, kosa haliko kwa spana.

Sasa ufanye nini? Jambo la kwanza ni kuzijaribu nati nyumbani, siku ile ile uliyotoka kwa fundi, kabla hujazihitaji. Simamisha gari mahali pa sawa, vuta breki ya mkono, na weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Usiliinue kwa jeki. Chukua spana ya gari lako, si ya fundi, na ulegeze nati moja robo ya mzunguko, kisha uikaze tena kwa kiasi chake. Fanya hivyo moja baada ya moja mpaka zote ziishe. Ni kazi ya dakika kumi kwa gurudumu. Ikiwa mke wako au kijana wako ndiye apelekaye maziwa, yeye ndiye afanye jaribio hili, maana ndiye atakayekuwa njiani.

Ukikuta nati imegoma, isafishe kwanza ncha ya bolti kwa brashi ya waya, maana udongo mkavu huziba meno. Ikiwa kuna kutu, tia mafuta membamba kidogo, hata dizeli, uache kwa muda. Angalia mafuta yasifike kwenye breki. Kisha tafuta soketi yenye pande sita inayokaa sawasawa juu ya nati, na mpini imara. Spana ya msalaba iliyokwisha kulika pembe huharibu nati kuliko kutu yenyewe. Chomeka bomba la chuma la futi tatu juu ya mpini, nawe utapata nguvu mara mbili au tatu bila kutoa jasho. Elekeza mpini upande wako wa kushoto ukitazama gurudumu, na usukume kuelekea chini kwa mikono, polepole, bila kurukaruka. Anayerukaruka juu ya spana huanguka vibaya ikiteleza, na wengine wamevunjika mikono kwa haraka hiyo. Nati ikikataa bado, jaribu kuikaza nywele moja, kisha uirudishe. Mara nyingi kule kushtuka kidogo ndiko kunakoifungua.

Bomba hilo ni la kufungulia tu. Usilitumie kukazia, la sivyo utakuwa umefanya kosa lile lile la mashine. Likae chini ya kiti pamoja na jeki.

Kwa malori yako jambo jingine la kuangalia. Baadhi ya malori ya zamani, ya Kijapani na ya Kiingereza, yana nati za upande wa kushoto zinazofunguka kinyume cha kawaida. Mara nyingi herufi L huwa imepigwa kwenye ncha ya bolti. Mtu asiyejua huongeza bomba, huita wenzake wawili, na wote pamoja wanazidi kuikaza mpaka inavunjika.

Nati ikiwa imekwisha viringika pembe, fundi mwenye vifaa ataitoa kwa soketi ya pekee yenye meno ya ndani, au atagongea soketi ndogo kidogo juu yake. Lakini usikubali hata mara moja awashe gesi ya kuchomelea juu ya nati au rimu wakati tairi liko mahali pake. Joto hilo huunguza mpira kwa ndani, upepo hupanda nguvu, na tairi hulipuka kama bomu. Kupunguza upepo hakutoshi kuondoa hatari hii. Watu wamekufa kwa kazi hiyo, na wengine walikuwa wamesimama kando wakitazama tu. Ikiwa hakuna njia ila moto, gurudumu zima lazima litoke kwanza, na ikiwa haliwezi kutoka, nati ikatwe kwa patasi au itobolewe kwa drili.

Bolti ikivunjika, usiendeshe gari kwa zile zilizobaki ukidhani nne zinatosha badala ya tano. Tena usibadili ile moja peke yake ukaridhika. Ikiwa imevunjika kwa sababu ya kukazwa mno, jirani zake zilikazwa na mkono ule ule. Mwambie fundi azibadili zote za gurudumu hilo. Gharama yake haifiki bei ya kuvuta gari kutoka mtaroni.

Mara nyingine unapokwenda kutia tairi, usikae mbali ukinywa chai. Simama karibu na useme kwa adabu mapema, kabla mashine haijawashwa: "Fundi, naomba nati uzianzishe kwa mkono, na mwisho umalize kwa spana." Mafundi wema hawachukii neno hili. Wengine wanayo spana yenye kipimo, inayolia kidogo nguvu inapofika kiasi kilichowekwa, na huyo ndiye wa kumrudia. Tazama kwamba upande wa nati uliochongoka kama koni unaingia ndani ya tundu la rimu, na kwamba zinakazwa kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini upande wa pili, si kwa kufuata mzunguko. Asipake grisi kwenye meno ya bolti, ila kitabu cha gari kiseme hivyo. Grisi hufanya nati iteleze, na nguvu ile ile ya mkono huinyoosha bolti zaidi. Baada ya kwenda kilomita 50 hadi 100 zipime tena kwa spana, kwa sababu rimu hukaa vizuri mahali pake baada ya mwendo kidogo na nati huweza kulegea.

Trekta hutaka uangalifu zaidi, maana watu huliona ni chuma kitupu kisichoumia. Nati za magurudumu ya nyuma huanza kulegea mapema zikiwa zimefungwa upya, hasa unapolima udongo mzito. Vitabu vya matrekta mengi husema zikazwe tena baada ya saa ya kwanza ya kazi, kisha baada ya saa kumi, mpaka zionekane zimeshika. Gurudumu la nyuma likiwa limetiwa maji ili liwe zito, huweza kuwa na uzito wa mamia ya kilo, na likianza kuanguka hakuna mtu awezaye kulizuia. Kulitoa ni kazi ya watu wawili au watatu wenye magogo ya kuegemeza na jeki ya kutosha, wakati wa mchana, na watoto wakiwa mbali.