Kabla ya kuchimba kidimbwi cha koi ugenini, tazama muhuri wa pasipoti

MGENI anayeishi Thailand akishapata nyumba ya kupanga yenye ua mpana nyuma, hakawii kutamani kidimbwi cha samaki. Majirani wanavyo, hoteli zinavyo, na hata baadhi ya mikahawa ya kando ya barabara imejenga hodhi la saruji ambamo samaki wekundu, weupe na weusi huzunguka polepole chini ya kivuli cha mwembe. Samaki hao ni koi, nao wana namna ya kumfanya mtu aliye mbali na kwao ajihisi amepata makao.

Koi akitunzwa vyema huishi miaka 25 hadi 35, na urefu wake huweza kupita sentimita 60. Ruhusa ya mgeni kukaa Thailand, kwa upande wake, aghalabu hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Anayechimba kidimbwi bila kuzioanisha hesabu hizi mbili hujikuta siku moja akiwa na wiki chache za kuondoka nchini, huku samaki kumi wakimtazama kutoka majini.

Wakenya nao wamo katika hali hii. Miongoni mwa walimu wa kigeni wanaofundisha katika shule za Thailand, hasa somo la Kiingereza, wamo waliotoka Nairobi, Kisumu na Mombasa, na wengine wamekaa huko kwa miaka kadhaa.

Kwa asiyewajua, koi ni samaki wa jamii ya karpu, ndugu wa wale waliosambaa katika Ziwa Naivasha tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakulima wa mpunga wa mkoa wa Niigata, Japani, ndio walioanza kuwachagua na kuwazalisha kwa ajili ya rangi zao katika karne ya 19, na maonyesho yaliyofanyika Tokyo mwaka 1914 yakawafanya wajulikane kote nchini humo. Koi wa Japani bado wana bei ya kutisha, lakini Thailand ina wafugaji wake, na katika soko la Chatuchak jijini Bangkok mtu hupata samaki wadogo wa kienyeji kwa bei anayoimudu mwalimu.

Tuanze na ardhi, kwa maana kidimbwi hakielei hewani. Sheria za Thailand hazimruhusu mgeni wa kawaida kumiliki ardhi. Anachoweza kupata ni mkataba wa kukodi usiozidi miaka 30, na mkataba wowote unaopita miaka mitatu sharti usajiliwe katika ofisi ya ardhi, la sivyo haulindwi na sheria zaidi ya miaka hiyo mitatu. Aliyeoa au kuolewa na raia anaweza kuishi katika shamba la mwenzake, lakini wakati wa kununua huhitajika kutia saini kwamba fedha zilizotumika ni za mwenzake huyo Mthai, si zake. Mkenya asilione jambo hili kuwa geni: Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 65, nayo humzuia asiye raia kupata ardhi isipokuwa kwa kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Tahadhari moja ndogo kuhusu karatasi hizo: mikataba ya Thailand huandikwa kwa kalenda ya Kibuddha, ambayo imetangulia yetu kwa miaka 543. Mwaka 2026 huandikwa 2569, na wapo waliodhani mwandishi amekosea.

Kwa mwalimu aliyepanga nyumba kwa mwaka mmoja, basi, kumwaga saruji katika ua wa mtu mwingine ni kumzawadia mwenye nyumba. Afadhali ajenge hodhi la juu ya ardhi, lenye kuta za matofali ya kupangwa au mbao nene, na ndani yake atandike turubai zito la raba linalotengenezwa kwa kazi hiyo. Likitakiwa kuondolewa hufunguliwa kwa siku moja. Na hata hilo aombe idhini kwa maandishi.

Sasa tuje kwenye viza. Mwalimu huingia kwa viza ya kazi inayompa siku 90. Katika siku hizo mwajiri humshughulikia kibali cha kazi, kisha Idara ya Uhamiaji humwongezea muda wa kukaa hadi mwaka. Mstaafu wa miaka 50 na zaidi hufuata njia nyingine: huonyesha baht 800,000 katika benki ya Thailand, kiasi kinachokaribia Sh3 milioni, au mapato ya baht 65,000 kila mwezi. Fedha za benki ziwe zimekaa miezi miwili kabla ya maombi na miezi mitatu baada ya kukubaliwa, na kwa kipindi kilichobaki cha mwaka zisishuke chini ya baht 400,000. Mstaafu aliyechota akiba hiyo anunue pampu na samaki wa Japani hugundua kosa lake siku ya kuomba mwaka mwingine.

Yapo mambo matatu yanayowachanganya wengi. La kwanza ni taarifa ya siku 90. Kila mgeni mwenye ruhusa ya muda mrefu hutakiwa kuijulisha Idara ya Uhamiaji anuani yake kila baada ya siku 90 mfululizo nchini, na taarifa hiyo hupokelewa kuanzia siku 15 kabla ya tarehe hadi siku saba baada yake. Taarifa hiyo haiongezi hata siku moja ya kukaa. Wapo waliopokea risiti yake wakadhani wameongezewa miezi mitatu, wakapitiliza.

La pili ni kibali cha kuingia tena. Anayetoka Thailand bila kibali hicho, hata akienda kumzika mzazi nyumbani kwa siku tano, hupoteza ule mwaka wote aliopewa. Kibali hiki huombwa kabla ya kuondoka, nacho ni cha safari moja au za mara nyingi. Mwenye wazazi wazee Kenya angefanya vyema kuwa na cha mara nyingi mapema, maana msiba haupigi hodi.

La tatu ndilo zito zaidi. Ajira ikikoma, ruhusa ya kukaa iliyotokana na ajira hiyo hukoma nayo, hata kama tarehe iliyo kwenye muhuri ingali mbali. Aliyepitiliza hutozwa baht 500 kwa kila siku, hadi kufikia 20,000. Isitoshe, kwa mujibu wa kanuni zilizoanza kutumika Machi 2016, aliyepitiliza kwa zaidi ya siku 90 kisha akajisalimisha hupigwa marufuku kurudi kwa mwaka mmoja au zaidi, kulingana na muda aliopitiliza. Aliyekamatwa na polisi hupigwa marufuku kwa miaka mitano hata kama alipitiliza kwa siku chache.

Kidimbwi nacho kina sheria zake, ambazo hazina ofisi ya rufaa. Jambo la kwanza ni ujazo. Hodhi lenye urefu wa mita nne, upana wa mita tatu na kina cha mita moja na nusu hubeba lita 18,000. Hesabu ya tahadhari ni lita 1,000 kwa kila samaki mkubwa, na kwa kuwa hodhi lazima liachiwe nafasi ya dharura, samaki kumi wanatosha. Anayeanza huona vitoto kumi vya urefu wa kidole vimepotea katika maji mengi hivyo, akaongeza vingine thelathini. Hayo ndiyo makosa ya kwanza, na malipo yake huja mwaka wa pili.

Kina kina umuhimu wa pekee katika nchi ya joto. Maji yenye nyuzijoto 20 huweza kubeba takriban miligramu tisa za oksijeni kwa kila lita. Yakifika nyuzijoto 30 hubeba takriban saba na nusu tu. Wakati huohuo joto humfanya samaki ahitaji oksijeni zaidi. Usiku mambo huzidi kuwa mabaya, kwani mwani wa kijani ambao mchana hutoa oksijeni hugeuka kuwa mlaji. Ndiyo maana samaki hukutwa wamekufa alfajiri, na mwenyewe akashangaa kwa kuwa jioni walikula vizuri. Dawa yake ni kina cha kutosha, kivuli juu ya angalau nusu ya hodhi, na mashine ya kupuliza hewa inayofanya kazi usiku na mchana.

Pampu nayo iweze kuyazungusha maji yote kupitia chujio angalau mara moja kila saa mbili. Kwa hodhi letu ni lita 9,000 kwa saa. Nyaya zote zipitie swichi ya usalama inayojikata yenyewe umeme unapovujia majini. Hapa si mahali pa kubana matumizi, kwa sababu anayeingiza mkono kutoa majani ni wewe au mtoto wako.

Kazi ya chujio si kuondoa uchafu unaoonekana pekee. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Bakteria wanaojijenga ndani ya chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo. Jeshi hilo la bakteria huchukua wiki nne hadi nane kujijenga. Katika muda huo weka samaki wawili au watatu tu, walishe kidogo, na upime maji kila siku kwa vipimo vinavyouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo. Maji ya mfereji yana klorini inayowaua samaki na bakteria pia, kwa hivyo yatiwe kwanza dawa ya kuiondoa, thiosalfeti ya sodiamu. Na aliyejenga kwa saruji ajaze hodhi na kulimwaga mara kadhaa, au alipake rangi maalumu ya kuzuia maji, kabla ya samaki yeyote kuingia, kwa sababu chokaa ya saruji mpya huwachoma.

Samaki wapya watengwe kwa wiki kadhaa katika tangi la pembeni. Virusi vya herpesi vya koi, vilivyotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, havimdhuru binadamu, lakini vikiingia kidimbwini huweza kuwamaliza karibu samaki wote kwa siku chache, wala havina tiba. Ukingo nao uinuliwe hadi sentimita 30 juu ya ardhi ili mvua za Mei hadi Oktoba zisiingize maji machafu ya uani au kuwatoa samaki nje. Walioshuhudia mafuriko makubwa ya mwaka 2011 hawahitaji kuelezwa zaidi. Kenge pia hupenda kutembelea vidimbwi, na wavu juu ya hodhi humkatisha tamaa.

Kalenda ya viza na kalenda ya kidimbwi hugongana mwezi wa Aprili. Mwaka wa shule za umma Thailand huanza katikati ya Mei na kumalizika Machi. Mikataba mingi ya walimu hufikia kikomo wakati huo, na likizo ndefu ndiyo nafasi ya kwenda Kenya. Aprili pia ndio mwezi wenye joto kali kuliko yote, ambapo hewa hupita nyuzijoto 35 na mara nyingine kufikia 40, na katikati yake kuna Songkran, sherehe za mwaka mpya zinazofunga ofisi za serikali kwa siku kadhaa. Mwalimu huyu, basi, husubiri mkataba mpya, hukimbilia kibali cha kuingia tena, na humwachia jirani samaki katika wiki ambazo oksijeni ni haba kuliko wakati mwingine wowote.

Anayepanga mambo yake huanza Januari. Humuuliza mwajiri waziwazi kama mkataba utaongezwa, na iwapo hapati jibu, hanunui samaki mwingine. Februari husafisha chujio, kwa maji ya kidimbwi chenyewe ili bakteria wasife, na kununua mashine ya pili ya hewa inayotumia betri. Chakula hukigawa katika vifuko, kimoja kwa siku, kisha kopo lililobaki hulifungia kabatini. Samaki wakubwa wenye afya hustahimili wiki nzima bila kula, lakini jirani mkarimu anayewamwagia wali mara tatu kwa siku huweza kuyaharibu maji kabla ndege haijatua Nairobi. Jirani huyo afundishwe jambo moja tu: akiwakuta samaki wote wamejikusanya juu wakihema, azime chakula, si pampu, na aongeze maji taratibu pamoja na dawa ya klorini.

Na iwapo mkataba hauongezwi? Kuwasafirisha koi hadi Kenya kunahitaji cheti cha afya na kibali cha kuingiza samaki hai, na gharama yake huzidi thamani ya samaki wa Chatuchak mara nyingi. Kuwauza mmoja mmoja ni hatari nyingine, kwa kuwa kibali cha kazi cha mwalimu hakimruhusu kufanya biashara, na mstaafu haruhusiwi kufanya kazi kabisa. Kuwamwaga katika mfereji wa karibu ni kuwadhuru samaki wa asili, kama ilivyo kwa mgeni yeyote anayetupwa katika maji yasiyo yake. Njia iliyo wazi ni kuwatoa bure kwa mfugaji, hekalu au hoteli yenye kidimbwi kilichokomaa, na mazungumzo hayo yafanywe mapema, hodhi likiwa bado linajengwa. Siku ya kuwahamisha, samaki wasilishwe kwa siku mbili, wabebwe asubuhi na mapema katika mifuko yenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za oksijeni, na mifuko ielee nusu saa katika maji mapya kabla ya kufunguliwa. Chujio lao lipelekwe pamoja nao, likiwa bado bichi.