Kufundisha Habari za Saratani: Sababu Moja Haitoshi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya darasa moja la juu la shule ya msingi, mwanachuo akiwa mbele ubaoni. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, saratani huletwa na nini?" Mwanachuo akaandika ubaoni: Saratani husababishwa na sigara. Mtoto akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mdogo wake aliyefariki kwa ugonjwa huo hakuvuta sigara. Darasa zima likamtazama mwalimu, naye akaita swali lingine.

Jibu lile halikuwa la uongo, bali lilipungua. Sisi walimu tumezoea kuugawa ubao safu mbili, upande huu ugonjwa na upande ule sababu yake. Kipindupindu chakaa vizuri katika safu hizo, saratani haikai. Wataalamu wa fani iitwayo baiolojia ya mifumo huitazama seli kama mtandao. Jeni moja huamuru protini itengenezwe, protini hiyo huamsha au huzima jeni nyingine, na seli nayo hupokea habari kutoka kwa jirani zake, katika damu, na katika mazingira ya mtu mwenyewe. Saratani hutokea mtandao huo unapoharibika mahali kadhaa, hata seli ikagawanyika bila kusikia amri ya kuacha. Kwa hiyo wataalamu hao hawaishii kuuliza "ni kitu gani?", bali huuliza pia "vitu hivi vimeshikanaje?"

Maelezo kama hayo peke yake hayamfai mtoto. Yahitaji kisa, na kisa chenyewe kimo humu humu Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevimba taya zote, kulia na kushoto, juu na chini. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akamwona msichana mwenye uvimbe kama ule, naye alikuwa na uvimbe tumboni pia. Akaanza kushuku kwamba mambo yaliyodhaniwa kuwa magonjwa mbalimbali yalikuwa ugonjwa mmoja. Ni saratani ya seli nyeupe za damu, nayo leo huitwa limfoma ya Burkitt.

Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kwa majuma kumi, maili zipatazo 10,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza katika hospitali zaidi ya 50 kama ugonjwa huo ulionekana huko. Majibu yaliwekwa katika ramani. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye kimo cha futi 5,000 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ukashuka chini zaidi. Basi jambo lililohusika halikuwa kimo chenyewe, bali joto, pamoja na mvua. Hapa mwalimu asiharakishe. Na achore ramani, aoneshe nyanda za juu zenye baridi na nchi za chini zenye joto na mvua, kisha aulize: ni kiumbe gani apendaye mahali kama hapa? Watoto watasema "mbu" bila kusaidiwa, na jibu walilolipata wenyewe hawatalisahau.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege London. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuwa wameona virusi vipya ndani ya seli zake. Mtu angedhani kesi imekwisha. Kumbe baadaye ilidhihirika kwamba virusi hivyo wanavyo watu wazima karibu wote duniani, huenea kwa mate wala si kwa mbu, na wengi havijawadhuru. Mwaka 1982 likapatikana jambo la tatu: katika seli hizo kromosomu ya 8 imekatika, na jeni iitwayo MYC, ambayo huhimiza seli kugawanyika, mara nyingi imehamia kromosomu ya 14, kando ya jeni za kutengeneza kingamwili. Mahali hapo kazi hailali, na jeni iliyohamia hailali vilevile.

Vipande hivi vitatu vikiunganishwa, kila kimoja chapata kazi yake. Malaria ya kurudiarudia huziamsha mno seli nyeupe, huilegeza kinga inayovidhibiti virusi, na huzidisha kazi ya kimeng'enya ambacho wajibu wake halali ni kuzibadili jeni za kingamwili. Kikikata pasipo pake, kromosomu hukatika. Virusi navyo huisaidia seli iliyoharibika isife.

Yafaa watoto waambiwe pia lisilofanikiwa. Kati ya 1977 na 1982, huko Mara kaskazini, watoto walipewa klorokwini ili ionekane kama limfoma ingepungua. Ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua kabla ya dawa, na malaria yenyewe ilipanda tena wakati jaribio likiendelea. Jibu halikupatikana.

Zana ya somo ni kamba tu. Watoto wasimame duara, kila mmoja na jina lake: mvua, mbu, malaria, kinga, virusi, kromosomu, uvimbe. Kamba ipitishwe baina ya wale wanaoathiriana. Mmoja akivuta, waliosikia mvuto wainue mikono. Kisha "mbu" aachie kamba, na darasa litazame palipolegea. Lakini mchezo huu una upungufu, nao lazima utajwe. Kamba haioneshi kiasi wala muda, yaani malaria mara ngapi na kwa miaka mingapi. Ndiyo sababu wataalamu hutumia hesabu na kompyuta kuikisia mitandao hiyo. Mwalimu asikubali pia watoto waondoke wakidhani kwamba kila mwenye malaria atapata saratani, ama kwamba mgonjwa wa limfoma huambukiza saratani yake kwa jirani wa dawati.

Limebaki neno kwa mwalimu wa madarasa ya chini, kwa maana ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa umri wake. Uvimbe wake waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Dawa zipo, tangu miaka ya 1960 wako watoto waliopona kwa saiklofosfamidi, na anayewahi ana matumaini makubwa. Mtoto ambaye meno yake yalegea kabla ya wakati, taya limevimba bila jino bovu, jicho limetokeza au tumbo limejaa, mwiteni mzazi wake siku hiyo hiyo, na mtoto apelekwe hospitali kabla hajapelekwa kung'olewa jino.