Ua, Gunia na Mbegu: Bustani ya Nyumbani Shinyanga na Geita

Mkoani Shinyanga, ambako mvua ya mwaka ni takribani milimita 600 hadi 800 na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na mwanzoni mwa Mei, bustani ya nyumbani huanza na ua kabla ya mbegu, kwa kuwa mchicha usiozungushiwa kitu huishia tumboni mwa mbuzi. Kichaka kilichozoeleka Usukumani kwa kazi hiyo ni mnyaa, ambao hupandwa kwa pingili, yaani vipande vya tawi vinavyoachwa kivulini hadi jeraha likauke, kisha vikachomekwa ardhini mvua zikikaribia. Utomvu wake mweupe hudhuru macho, hivyo kuupogoa si kazi ya watoto. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulihuisha ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo iyakute kiangazi, na ua wa mnyaa si kosa kuuita ngitili ya jikoni.

Udongo mweusi wa mbuga hutuamisha maji masika na kupasuka kiangazi, ndiyo maana gunia hufaa: hujazwa udongo na samadi iliyooza, huku katikati ikipandishwa nguzo ya kokoto inayofikisha maji hadi chini, na miche ya mboga hupachikwa kwenye matundu ya ubavuni.

Geita hupata mvua nyingi zaidi, lakini huko swali zito ni udongo umetoka wapi. Wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, na marudio, yaani mchanga uliosagwa na kukamuliwa dhahabu, hubaki na sumu hiyo ingawa kwa macho hufanana kabisa na mchanga mzuri wa kitalu. Marudio hayafai kabisa kujazwa katika gunia la mboga, wala ndoo iliyowahi kubeba kemikali za machimboni haifai kupandwa kitu, hata ikioshwa mara ngapi.

Kuhusu mbegu, mgagani huwakatisha tamaa wengi, kwani mbegu zake mbichi huota kwa shida na huhitaji kupumzika miezi kadhaa. Mashina machache yenye afya huachwa yakomae, maganda yakakatwa yakigeuka manjano kabla hayajapasuka, na mbegu zikakaushwa kivulini. Zinazovunwa Mei huwa tayari kuota Novemba.