Kumbukumbu ya Kompyuta: Mbio Bila Uhakika ni Hasara

Juma hili nitazungumzia jambo ambalo nusura limpotezee mtu heshima yake. Chama kimoja cha akiba na mikopo ninachokifahamu kilitunza hesabu zake katika kompyuta. Siku moja mwanachama alikuta akiba yake imepungua, ilhali kitabu cha mkono kilionyesha vingine. Wanachama wakamnyooshea kidole mama mtunza hazina. Bahati njema, kabla ya kumpeleka polisi walimwita fundi. Yeye aligundua kwamba miezi michache nyuma kompyuta ile iliongezwa kipande cha kumbukumbu, na aliyekiweka akakipandisha mwendo. Alipoipima usiku kucha, makosa yalijitokeza kwa makumi.

Hebu tuone ilivyokuwa. Kumbukumbu ninayoisema hapa ni RAM, yaani mahali kompyuta inapoweka kazi inayoifanya wakati huo. Si diski ya kuhifadhia mafaili. Ndani yake mna vijisima vya chaji ya umeme, mabilioni kwa mabilioni. Kilichojaa huhesabiwa moja, kitupu sifuri. Vijisima hivyo huvuja, kwa hiyo kila kimoja hujazwa upya kila baada ya milisekunde 64, na joto likipita nyuzi 85 muda huo hupunguzwa hadi 32.

Kusoma kijisima nako kunataka muda. Kompyuta huagiza, kisha husubiri mapigo kadhaa ya saa yake ya ndani kabla data haijatoka. Chukua kumbukumbu ya DDR4 iliyoandikwa 3200. Hupitisha data mara milioni 3,200 kwa sekunde, lakini saa yake hupiga mara milioni 1,600 tu, kwa kuwa kila pigo hupitisha data mara mbili. Ikisubiri mapigo 16, imesubiri nanosekunde 10. Nyingine iliyoandikwa 3600, ikisubiri mapigo 18, nayo imesubiri nanosekunde 10 zilezile. Hupitisha data nyingi zaidi, ni kweli, lakini jibu la kwanza halifiki mapema zaidi. Basi ukienda dukani usitazame namba moja ukaiacha ya pili.

Jambo jingine ni umeme. Kiwango cha kawaida cha DDR4 ni volti 1.2. Vipande vingi vinavyosifiwa kwa mbio hutaka volti 1.35, na mpango wake, uitwao XMP, umeandikwa ndani ya kipande chenyewe. Ukiuwasha katika Bayosi umekwisha kuvuka kiwango cha kawaida. Kipande chaweza kustahimili, lakini prosesa na ubao mkuu wa kompyuta yako vikashindwa.

Mwendo ukizidi, au muda wa kusubiri ukipunguzwa mno, data husomwa kabla haijatulia. Moja huonekana sifuri. Laiti kompyuta ingezimika papo hapo, tungejua pana ubovu! Mara nyingi hunyamaza, ikaendelea na kazi. Shilingi 50,000 zilizowekwa kama namba kamili, zikipotewa na moja katika nafasi moja tu, zaweza kugeuka shilingi 33,616. Kosa hilo likisha kuhifadhiwa katika diski, limekuwa kumbukumbu rasmi.

Je, tufanye nini? Kwanza, anza na mipangilio ya kawaida ya kiwandani, na uhakikishe kompyuta ni timamu kabla ya kutafuta mbio. Pili, badili jambo moja tu kwa wakati, uandike ulichobadili. Tatu, pima. Iko programu ya Memtest86, iliyoanza mwaka 1994, nayo hupatikana bure. Huanzishwa kabla ya programu nyingine zote. Iache ifanye kazi usiku mzima. Kosa moja tu linatosha kuukataa mpangilio huo.

Makosa yakitokea, shusha mwendo ngazi moja, au ongeza mapigo ya kusubiri. Yakiendelea, pima kipande kimoja kimoja ili umpate mgonjwa. Jihadhari na kuchanganya vipande vya aina mbalimbali, na ujue kwamba vinne huilemea kompyuta kuliko viwili. Pima pia wakati wa joto, kwani kompyuta iliyo timamu alfajiri yaweza kuyumba saa nane mchana katika chumba kisicho na feni.

Kwa kazi za fedha, matokeo ya mitihani na majalada ya wagonjwa, iko kumbukumbu ya ECC, ambayo kwa kila biti 64 huongeza biti 8 za ukaguzi, ikaweza kusahihisha kosa la biti moja. Bei yake ni kubwa kidogo, na si kila ubao huikubali, lakini anayetunza mali ya watu na aifikirie.

Chama kile kilirudisha mwendo wa kawaida, kikaingiza upya hesabu kutoka kitabuni, na wanachama wakamwomba radhi mama mtunza hazina mbele ya mkutano. Kompyuta ilipungua mbio kidogo mno hata hakuna aliyeona tofauti. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.