Vitu Vidogo Mno Vinavyofanya Kazi Katika Sola na Betri

Wakulima wengi katika skimu za makazi wana sola juu ya bati, na wengine wanaweka akiba ya fedha za maziwa ili wanunue. Lakini ni wachache wanaojua kwamba sehemu kubwa ya kazi ya vyombo hivyo hufanywa na vitu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Elimu ya kutengeneza vitu hivyo huitwa nanoteknolojia. Yafaa mkulima aijue kidogo, maana itamsaidia kununua vizuri na kutunza alichonunua.

Kipimo chake ni nanomita. Ukiigawanya mita moja sehemu milioni elfu moja, sehemu moja ndiyo nanomita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi.

Faida ya udogo

Fikiri habari ya mahindi. Punje nzima huchukua saa nyingi kuiva, lakini unga wa mahindi yale yale huwa ugali kwa muda mfupi. Mahindi ni yale yale. Kilichobadilika ni ukubwa wa vipande, hata maji na moto hufika kila mahali upesi.

Sasa chukua kijiwe chenye pande sawa, kila upande sentimita 1. Eneo la nje yake ni sentimita 6 za mraba tu. Kama ungeweza kukikata kiwe vijiwe vya nanomita 1 kila upande, na kujumlisha eneo la nje ya vyote, ungepata mita 6,000 za mraba, yaani karibu eka moja na nusu! Kazi nyingi za umeme hufanyika kwenye eneo hilo la nje.

Katika sola

Mwaka 1954 wataalamu wa Bell Laboratories huko Marekani walionyesha sola ya silikoni iliyogeuza sehemu 6 hivi katika kila 100 za nguvu ya jua kuwa umeme. Sola nyingi zinazouzwa leo hugeuza zaidi ya 20. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni utando mwembamba. Silikoni tupu hurudisha nyuma karibu theluthi moja ya mwanga, kama kioo cha kujitazamia. Ikipakwa utando wa nanomita 75 hivi, mwanga huingia badala ya kurudi. Rangi ya buluu uionayo katika sola nyingi hutokana na utando huo. Kioo cha juu nacho mara nyingi hupakwa utando wa namna hiyo.

Kwa hiyo usisugue sola kwa mchanga, majivu wala waya wa kusugulia sufuria. Utaondoa utando na kupoteza umeme uliolipia. Ioshe kwa maji safi na kitambaa laini, asubuhi kabla haijapata joto.

Katika betri

Mwaka 1997 John Goodenough na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas walitangaza kwamba lithiamu, chuma na fosfeti vyaweza kutengeneza betri. Fosfeti ni jamaa ya ile tunayoijua katika mbolea. Taabu ilikuwa moja: umeme ulipita humo polepole mno. Ni kama mkulima aliye mbali na barabara; maziwa anayo, lakini kuyafikisha ni kazi. Dawa ilikuwa kuzifanya chembe ziwe ndogo sana na kuzipaka kaboni. Hivyo safari ikawa fupi, na barabara ikawa nzuri.

Leo betri hizo huweza kujazwa mara elfu kadhaa. Betri ya asidi, ikimalizwa umeme kila siku, hudumu mara mia chache tu. Bei ya kwanza ni kubwa zaidi, basi pigia hesabu miaka itakayotumika, si bei ya siku moja.

Mambo ya kuangalia

Betri ya lithiamu haipendi kujazwa ikiwa imeganda kwa baridi. Penye sakitu, iweke ndani ya nyumba. Hakikisha chombo kinachodhibiti umeme kimetengenezwa kwa betri ya namna hiyo. Usiipasue wala kuitupa motoni.

Karibu watu milioni 600 katika Afrika kusini ya Sahara hawana umeme, na mataifa makubwa yangali yakichoma makaa ya mawe na mafuta, ambayo moshi wake huharibu hali ya hewa na majira ya mvua. Vitu hivi vidogo haviongezi jua, wala havitafanya kazi chini ya kivuli cha mti. Vinatuwezesha tu tusipoteze jua tulilo nalo. Mkulima anayelijua hilo huuliza maswali kabla ya kulipa, na fedha zake za maziwa hazipotei.